Mjuzi na Mjuaji

Tulipokuwa wanafunzi wa kidato cha pili, katikati ya miaka ya 1980, katika shule moja ya milima ya Usambara, tulipewa insha ya Kiingereza juu ya kazi za nyumbani kwetu. Mwenzetu mmoja, mtoto wa wakulima wa viazi wa upande wa Magamba, aliandika sentensi hii: "I know to plant potatoes." Mwalimu akapiga mstari mwekundu, na juu ya mstari akatia neno moja dogo: "how". Mwenzetu akasimama, akauliza kwa adabu: "Samahani mwalimu, neno hili linaongeza nini? Mimi viazi najua kupanda." Mwalimu akajibu: "Ndivyo wasemavyo wenyewe." Darasa likacheka, mwenzetu akaketi, na somo likaendelea.

Swali lile halikujibiwa siku ile, nasi tumelibeba kwa miaka inayokaribia arobaini. Kwa nje ni swali la sarufi, tena la lugha ya watu wengine. Lakini ndani yake limo swali kubwa ambalo kila taifa hulijibu, ama kwa maneno ama kwa matendo: Kujua ni nini, na ni nani anayestahili kuitwa mjuzi? Ni yule awezaye kueleza, au ni yule awezaye kutenda? Na ikiwa mtu atenda vyema lakini hawezi kueleza, je, tumhesabu miongoni mwa wanaojua au wasiojua? Katika kurasa hizi twataka kulitazama swali hilo kwa utaratibu, tukianza na lugha, maana lugha ndiyo ghala ambamo watu huweka mawazo yao kabla hata hawajatambua kwamba wanayo.

Kwanza, tumtendee haki mwalimu wetu. Alisahihisha sawa. Katika Kiingereza, mtu akitaka kusema kwamba ana ustadi wa kutenda jambo, kitenzi cha kujua hakina budi kufuatwa na neno "how" kabla ya kitenzi cha pili: "I know how to plant potatoes." Neno hilo likiondolewa, sentensi ama hukosa maana, ama hupata maana nyingine. Mwingereza akisema, "He knows to plant before the rains," hasemi habari za ustadi wa mikono. Asema kwamba mtu huyo atambua inampasa apande kabla ya mvua. Kwa hiyo neno lile dogo hutenga kujua njia ya kutenda na kujua wajibu wa kutenda. Hilo ndilo jibu ambalo mwenzetu alistahili kupewa. Tunaliandika hapa kwa ajili ya walimu, kwani mwanafunzi aulizaye sababu ya kanuni haonyeshi utovu wa nidhamu. Aonyesha kwamba ameanza kufikiri.

Lakini mwenzetu naye hakukosea alipofikiri kwa lugha yake. Kiswahili husema "najua kupanda", na sentensi hiyo imekamilika, haina pengo la kujazwa. Sababu yake ni kwamba katika Kiswahili "kupanda" si kitenzi tu, bali ni jina pia, lenye ngeli yake na upatanisho wake: kupanda kwake ni kuzuri, kuimba kwao kumetufurahisha. Kwa hiyo asemaye "najua kupanda" ataja kitu anachokijua, kama vile asemavyo "najua Kiswahili" au "namjua jirani yangu". Kutenda kwenyewe ndiko kunakojulikana. Tena mtu akisema "kulima nakujua", kiambishi kile cha "ku" ni kilekile ambacho kingetumika kumwambia mwenzake "nakujua wewe". Hatusemi kwamba lugha ilikusudia fumbo hapo. Sauti mbili zimekutana tu. Hata hivyo, makutano hayo yatufaa kwa mfano: mtu huijua kazi kama amjuavyo rafiki, kwa kukaa naye, kwa kumzoea, kwa kukosana naye na kupatana tena. Ndiyo maana twasema juu ya aliyekwisha kuizoea kazi kwamba "ameijulia". Mnyambuliko huo mmoja wa kitenzi wabeba habari ya miaka mingi.

Yafaa pia tuangalie namna lugha nyingine zilivyoligawa jambo hili. Wajerumani, walioitawala nchi hii hadi walipoondoshwa Usambara mwaka 1916, na ambao Lushoto waliuita Wilhelmstal, hawasemi kwamba wanajua kuogelea. Wao husema "Ich kann schwimmen", yaani "naweza kuogelea". Wafaransa husema "je sais nager", kama sisi: najua kuogelea. Na Kiingereza chenyewe, ambacho leo hutenganisha kuweza na kujua, hapo kale hakikuvitenga hivyo. Neno lao "can", ambalo sasa lina maana ya kuweza, asili yake ni kitenzi kilichokuwa na maana ya kujua. Basi hakuna lugha iliyo sahihi na nyingine iliyo potofu. Kila moja imekata kitambaa kilekile kwa mkasi wake.

Mkasi wa Kiswahili umekata vizuri mahali pamoja ambapo pastahili kutajwa. Sisi hutofautisha kujua na kuweza. Bibi mfinyanzi ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa maradhi, twasema juu yake: "Anajua kufinyanga, lakini sasa hawezi." Na kijana mwenye mabavu, ambaye abeba udongo na maji mchana kutwa, twasema: "Kubeba anaweza, kufinyanga hajui." Kuweza ni kwa mwili na nafasi, hupatikana leo na kesho hutoweka. Kujua hubaki. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, wala hawakusema nguvu hazizeeki. Kwa maneno hayo walikiri kwamba ustadi wa mikono si misuli mitupu. Ni elimu, nayo hukaa ndani ya mtu kama elimu nyingine zote.

Siku hizi imezuka desturi ya kusema na kuandika "najua jinsi ya kupika", "anajua jinsi ya kuendesha", kila mahali na kila saa. Hatusemi kwamba ni kosa. Lakini aghalabu maneno hayo yameletwa na tafsiri ya Kiingereza, kwa hofu kwamba "najua kupika" haitoshi. Hofu hiyo haina msingi. Sisi twapendekeza kwa walimu kwamba namna zote mbili zitunzwe, na kila moja ipewe kazi yake. Anayejua kuogelea ni yule ambaye akitupwa majini atatoka. Anayejua jinsi watu wanavyoogelea aweza kuwa yule aliyesoma kitabu chote cha kuogelea akiwa ameketi kibarazani. Kitabu hicho chaweza kuwa kizuri, na msomaji aweza kuwa hodari wa mtihani. Lakini siku mtumbwi upinduapo, tofauti ya sentensi mbili hizo ni tofauti ya uhai na mauti.

Sasa tuje kwenye maneno mawili yaliyotupa anwani ya insha hii. Kutokana na kitenzi kimoja, "kujua", Kiswahili kimezaa majina mawili ya watu: mjuzi na mjuaji. Mjuzi amezaliwa kwa njia ya mnunuzi kutokana na kununua, na mkombozi kutokana na kukomboa. Mjuaji amezaliwa kwa njia ya mwindaji, msomaji na mchezaji, ambao ni watu wenye mazoea ya kutenda. Kwa kanuni tupu, majina hayo yangeweza kuwa na maana moja. Lakini wasemaji wa lugha hii, bila kuketi katika baraza lolote, waliyatenga. Mjuzi wakampa heshima; mjuaji wakampa kejeli. Mjuaji ni mtu aliyefanya kujua kuwa ndiyo kazi yake, ambaye hujua mbele za watu, ambaye jibu lake hutangulia swali. Mjuzi hujulikana kwa kazi yake. Mjuaji hujulikana kwa mdomo wake. Mtu mmoja aweza kuwa mjuzi asubuhi, akawa mjuaji jioni, endapo atavuka mpaka wa anachokijua asitambue kwamba ameuvuka.

Katika masimulizi ya Wasambaa, ambayo Abdallah bin Hemedi aliyaandika kwa Kiswahili katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi, Mbega alifika milimani akitokea Nguu akiwa mgeni, tena mwenye mkosi wa kufukuzwa kwao. Hakuja na jeshi wala hati. Alikuja na mbwa na ustadi wa kuwinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu. Aliwaua nguruwe, akagawa nyama, akaamua mashauri ya watu kwa haki, na baada ya kumwua simba jina lake likavuma, hata Vugha wakamkubali awe mtawala wao. Wanahistoria na waijadili habari hiyo kwa vipimo vyao. Sisi twaitazama kama fikra ya watu juu ya ujuzi. Waliosimulia habari hiyo kizazi baada ya kizazi waliamini kwamba mamlaka hayana budi kuanza na kujua kutenda jambo lifaalo, na kwamba ujuzi hushuhudiwa na chungu cha jirani, si na ulimi wa mwenyewe.

Karne mbili na zaidi baada ya wakati unaotajwa katika masimulizi hayo, ulikuja ujuzi wa namna nyingine. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, na baadaye mpango huo ukapanuliwa ukawa wa Usambara nzima. Maofisa waliouleta hawakuwa wajinga. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli. Watu walikuwa wameongezeka, mashamba yalikuwa yamepanda miteremko, na mvua zilikuwa zikiteremsha rutuba mitoni. Wakaamuru watu walime kwa matuta yanayokingama na mteremko, wakakataza kulima kwenye miinuko mikali, na aliyekaidi akatozwa faini. Kazi ya matuta ilikuwa nzito mno, na sehemu kubwa ililemea mabega ya wanawake. Watu wakahofu pia kwamba mwisho wa sheria hizo ni kunyang'anywa ardhi. Upinzani ukakua, ukashikana na siasa ya kudai uhuru, na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa.

Kuna somo gani hapo? Si kwamba elimu ya kitaalamu ni bure. Ni kwamba maofisa wale walikutana na wakulima ambao hawakuweza kueleza kilimo chao kwa digrii za mteremko na tani za udongo, wakahitimisha kwamba basi hawakijui. Ilhali wakulima hao walikuwa wakichanganya mahindi, maharage na migomba katika shamba moja, wakijua udongo wa bondeni na udongo wa kilimani, wakijua mvua ya vuli na mvua ya masika. Tena walikuwa na msamiati wao wa kuzungumzia uzima na maangamizi ya ardhi: kwa Kisambaa, "kuzifya shi" ni kuiponya nchi, na "kubana shi" ni kuiharibu. Watu wenye maneno hayo si watu wasiowaza juu ya nchi yao. Mtaalamu aliyekuja kuwaponyea nchi yao bila kuwauliza alikuwa mjuzi katika maabara, lakini shambani akageuka kuwa mjuaji.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Katika siku hizohizo, huko Uingereza kwenyewe, mwanafalsafa Gilbert Ryle wa Chuo Kikuu cha Oxford alikuwa akilichambua swali lilelile la mwenzetu. Katika hotuba aliyoitoa mwaka 1945, na tena katika kitabu chake The Concept of Mind cha mwaka 1949, alitofautisha kujua kutenda na kujua kwamba jambo fulani ni kweli. Alikataa wazo kwamba kila tendo la akili hutanguliwa na kanuni anayojisomea mtu kichwani. Kama ingekuwa hivyo, alisema, basi kule kuisoma kanuni kwenyewe, ambako nako ni tendo, kungehitaji kanuni nyingine ya kukutangulia, na hiyo nyingine, hata pasiwe na mwanzo. Akili ya mtenda kazi, kwa maoni yake, imo ndani ya kazi yenyewe. Wanafalsafa waliomfuata wamembishia, na wengine wamedai kwamba kujua kutenda nako ni namna ya kujua ukweli fulani. Mjadala haujafungwa. Lakini yatosha kuona kwamba jambo ambalo mabwana wa Mlalo walilipuuza, wenzao wa nyumbani walikuwa wakiliheshimu kwa kalamu.

Sisi ambao hujaribu kutunga mashairi twaujua ushahidi wa neno hilo. Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi alichapisha kitabu chake juu ya sheria za kutunga mashairi, nacho kimetufaa sana. Hakuna mwalimu wa fasihi asiyekihitaji. Lakini watunzi wa pwani walikwisha kutunga kwa karne nyingi kabla ya kitabu hicho. Mizani na vina vilikuwa masikioni mwao kabla havijawa kwenye karatasi. Sheria zilitolewa katika mashairi, mashairi hayakutolewa katika sheria. Na hata leo twawajua watu wawezao kuhesabu mizani kumi na sita bila kukosa hata moja, na shairi lao likawa kama mti wa plastiki, una kila jani isipokuwa uhai.

Lakini tukomee hapo, tusije nasi tukawa wajuaji wa upande wa pili. Kuna mambo ambayo mikono haiwezi kuyajua hata ikiishi miaka mia. Kuanzia mwaka 1980 wilaya ya Lushoto ilipatwa na ugonjwa wa tauni, ukawa unarudi tena na tena hata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Familia zilizika watu wao. Hakuna mkulima, hata awe na ustadi gani, ambaye kwa kulima tu angegundua kwamba tauni huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, na kwamba kijidudu hicho hubebwa na viroboto watokao kwenye panya. Kijidudu kilitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na habari ya viroboto ikaonyeshwa na Paul-Louis Simond mwaka 1898, kwa darubini, kwa majaribio, kwa maandishi yaliyosomwa na wengine na kupimwa tena. Huko ni kujua kwamba. Nako kuliokoa watu milimani kwetu. Ustadi usioelezeka una udhaifu wake: hauwezi kusafiri mbali, hauwezi kusahihishwa na asiyekuwapo, na mwenyewe akifa ghafla hufa nao.

Hata hivyo, tazama ilivyokuwa. Kujua kwamba viroboto hubeba tauni hakukuua kiroboto hata kimoja. Ilibidi kugeuzwe kuwa kujua kuweka mahindi mbali na malazi, kujua kulala kitandani badala ya sakafuni, kujua kutega panya bila kumshika kwa mikono, kujua kumwambia jirani aliyefiwa bila kumtia aibu. Na mambo hayo hakuna aliyeyajua kuliko wenye nyumba hizo. Elimu mbili zilihitajiana kama mvukuto na moto. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Nasi twasema kwamba katika karakana ya taifa hakuna aonaye haya kwa sababu anavukuta, wala apandaye kiburi kwa sababu anasana.

Sasa hatuna budi kutoa ushahidi wa nafsi yetu, maana insha ya maadili isiyomgusa mwandishi wake ni mahubiri tu. Katikati ya miaka ya 1990, tukiwa karani kijana katika utumishi wa umma, tulitumwa kuandikisha wakazi wa kijiji kimoja chini ya msitu wa Magamba. Fomu tulizopewa zilikuwa na nafasi ya "Elimu" na nafasi ya "Ujuzi". Tulifika kwa bibi mmoja mzee, shamba lake limening'inia mteremkoni chini ya nyumba. Tukamwamkia, akatukaribisha. Tukamwuliza elimu yake. Akasema, "Sikusoma, mwanangu." Tukamwuliza ujuzi wake. Akacheka, akasema, "Mimi ni mkulima tu." Tukaandika "Hana" katika nafasi ya kwanza, na "Hana" katika nafasi ya pili.

Kabla hatujafunga mkoba, mvua ya milimani ilishuka, nasi tukakaa naye chini ya upenu. Maji yalitoka msituni kwa kishindo. Katika shamba la jirani tuliyaona yakikata matuta moja baada ya jingine, yakaondoka mekundu. Yalipofika kwa bibi yalipinda, yakafuata njia yenye majani marefu pembeni, yakazunguka migomba, yakatoka chini polepole yakiwa karibu meupe. Tukamwuliza amejuaje kuyapitisha hapo. Akatutazama kama atazamwavyo mtoto aulizaye kwa nini moto unaunguza. "Hapo ndipo yanapopenda kupita," akasema. "Nikiyazuia yananigombeza. Nimeyapisha." Tukamwuliza tena, nani aliyemfundisha. Akajibu: "Nimelima hapa."

Mvua ikakatika, tukashika njia. Fomu ilikuwa mkobani, na kalamu ilikuwa mfukoni. Hatukulifuta neno "Hana". Tulijiambia kwamba fomu haina nafasi ya maelezo, kwamba wakubwa watauliza cheti kiko wapi, kwamba kijiji kinachofuata kiko mbali. Karatasi ikapelekwa mbele hivyo ilivyo, na katika kumbukumbu za taifa bibi yule akaingia kama mtu asiyejua kitu. Twamkumbuka kila tusikiapo neno lile dogo alilojifunza kujiongezea mwenyewe: tu. Mkulima tu. Mama wa nyumbani tu. Fundi wa mtaani tu. Mwingereza aliongeza neno dogo ili kutenga maana mbili za kujua. Sisi twaongeza neno dogo ili kumwondoa mjuzi katika hesabu ya wajuzi. La kwanza ni sarufi. La pili ni dhuluma. Na dhuluma hiyo hupata nguvu pale mwenye kudhulumiwa anapoisema kwa kinywa chake mwenyewe, akicheka.

Yako mambo ambayo nchi yetu imefanya kupigana na dhuluma hiyo, nayo yastahili kutajwa. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule zinazomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni na vichwani mwa wasomi, hata akadharau wazee wake. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ulijaribu kuhamisha uzito kutoka kukariri kwenda kutenda. Mafundi waliojifunzia kazini wamefunguliwa mlango wa kupimwa na kupewa vyeti na mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Neno "amali" limechaguliwa vyema, kwani ni ndugu wa zamani wa "elimu", na waliotangulia hawakupenda kuwaona ndugu hao wakitengana. Lakini sera haina macho wala mikono. Hukaa katika kalamu ya karani na ulimi wa mwalimu.

Kwa hiyo twawaambia wanafunzi: jifunzeni Kiingereza kwa usahihi, na mkiandika juu ya ustadi msilisahau neno "how", maana mwenye kutumia lugha ya watu yampasa aiheshimu. Lakini mkiandika Kiswahili, msione haya kusema "najua kulima", "najua kusuka", "najua kufinyanga", bila nyongeza yoyote. Na mkirudi nyumbani likizoni, waulizeni wazee si wanajua nini tu, bali wanajua kutenda nini. Kisha shikeni jembe mbele yao kabla hamjashika kalamu. Mtapata majibu mafupi. Msiyadharau kwa ufupi wake. Andikeni, pimeni, na panapo kosa sahihisheni kwa adabu, kwani hata mjuzi hukosea, na kazi ya msomi ni kuupa ujuzi ulimi ili uweze kusafiri.

Na walimu wenzetu katika utumishi, siku mtoto atakaposimama na kusema, "Mwalimu, mimi viazi najua kupanda," msahihisheni sarufi yake. Kisha mwulizeni viazi hivyo hupandwaje. Yawezekana darasa zima, na mwalimu pamoja nalo, likajifunza jambo siku hiyo.

Bibi yule wa chini ya Magamba hayupo tena duniani. Fomu ile nayo, bila shaka, imekwisha kuliwa na mchwa. Hatuwezi kuirudisha na kuijaza upya. Twaweza tu kuijaza hapa, kwa kuchelewa, mbele ya wasomaji wengi kuliko wale ambao wangeiona wakati ule. Elimu: hakuingia shule. Ujuzi: anajua kulima.